Kujua na Kumjua: Mwenye Kumsitiri Aliyesingiziwa katika Historia ya Masimulizi ya Mapenzi na Taharuki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia kisa kimoja kikongwe katika masimulizi: mtu anamfungulia mlango rafiki anayeandamwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na mapenzi na hofu vinakua chini ya paa moja. Hoja yake ni kwamba taharuki ya kisa hiki humtegemea mwenyeji kuliko mkimbizi, na hasa kile anachokijua mwenyeji na njia aliyopitia kukijua. Sheria ya Uingereza, iliyoletwa Afrika Mashariki katika enzi ya ukoloni, ilimhukumu mwenyeji kwa ujuzi wake wa kosa na ikamsamehe mke huku ikimwacha rafiki. Riwaya ya mapenzi na taharuki ilistawi katika pengo hilo. Fasihi ya Kiswahili ilifika mahali hapo kwa njia nyingine, kuanzia Saada wa kisa cha Fumo Liyongo hadi Yasmin wa *Vuta n'Kuvute*.

Utangulizi

Kiswahili kinatenganisha kwa silabi moja mambo mawili ambayo mahakama hupenda yawe jambo moja. Anayesema *najua* anadai kuwa na habari. Anayesema *namjua* anadai kuwa na mtu. Kiambishi cha yambwa ndicho kinachobeba tofauti hiyo, na tofauti yenyewe si ya kisarufi tu. Mtu aweza kumjua rafiki yake kwa miaka ishirini bila kujua alikuwa wapi juzi usiku. Aweza vilevile kujua saa, silaha na mahali pa mauaji bila kumjua mtu yeyote kati ya waliohusika. Hakimu anahitaji ujuzi wa aina ya pili. Rafiki anayefungua mlango usiku wa manane ana ule wa kwanza peke yake.

Kisa cha kumsitiri aliyesingiziwa kinaishi kwa mgongano huo. Wahakiki wa hadithi za taharuki wamezoea kumtazama mkimbizi: nani amemzulia, ushahidi uko wapi, atajinasua vipi. Mwenyeji huchukuliwa kuwa pango tu ambamo mkimbizi anapumzika kati ya msako mmoja na mwingine. Lakini mkimbizi anajua kama ametenda au hakutenda, kwa hiyo moyoni mwake hakuna fumbo. Fumbo limo kwa mwenyeji, ambaye kila akisikia mlango ukigongwa hana budi kujiuliza upya kama anachokiita imani si upofu. Ikiwa kuna mapenzi kati yao, ya zamani au yanayoanza, swali hilo linauma zaidi, kwa kuwa mapenzi ni shahidi asiyeaminika hata mbele ya mwenyewe.

Msamiati nao unastahili kuangaliwa kabla ya kwenda mbali. Kiswahili kina *kuficha*, kina *kuhifadhi*, na kina *kusitiri*. Kitu kinachofichwa huweza kuwa cha wizi. Kinachohifadhiwa ni amana, na kina mwenyewe. Kinachositiriwa ni heshima ya mtu, na kitenzi hiki hutumika kwa vazi, kwa nyumba, kwa aibu ya jirani na hata kwa maiti. Msimulizi wa pwani anaposema mtu *alimsitiri* mwenziwe, ameshatoa hukumu kabla kisa hakijaanza. Lugha ya sheria, kama itakavyoonekana, haina nafasi ya hukumu hiyo.

Saada na Mkate wa Wishwa

Mfano mkongwe na unaofahamika zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili ni kisa cha Fumo Liyongo, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika *Swahili Tales* na kutungwa kuwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo hakushtakiwa popote. Tuhuma dhidi yake ilikuwa hofu ya mfalme wa Pate kwamba mtu mwenye nguvu kiasi kile na anayependwa kiasi kile hawezi kukosa kuutaka ufalme. Tuhuma ya namna hii haiwezi kukanushwa kwa ushahidi, maana inahusu jambo ambalo halijatokea, na kila sifa njema ya mtuhumiwa inaongezwa kwenye mashtaka.

Liyongo anafungwa gerezani. Mama yake anamletea chakula kupitia kijakazi, Saada, na walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Ndipo anapompa Saada ujumbe wa kishairi mbele ya walinzi wenyewe: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanausikia ujumbe wote ila hawauelewi. Mkate unaletwa, wanaudharau kwa kuwa ni wa wishwa, na mfungwa anaikata minyororo huku kelele za ngoma ya gungu zikiufunika mlio wa chuma.

Wahakiki wengi wameusifu werevu wa ujumbe huo, na wana haki. Lililopewa uzito mdogo ni hali ya Saada katika njia ile, kutoka gerezani hadi nyumbani na kurudi. Ujumbe ameubeba kichwani, tupa ameibeba mikononi. Endapo mlinzi mmoja angeumega ule mkate, mama mtu ni mama, na Liyongo ni Liyongo. Aliyekuwa na uhakika wa kupoteza kila kitu ni kijakazi, ambaye hana ukoo wa kumtetea wala jina la kumtisha mfalme. Anajua anachokibeba, na hana njia ya kusema hakujua. Kisa kingekuwa cha mapenzi na taharuki kwa kipimo chochote kile kama kingebaki naye hatua mia moja tu barabarani. Hakibaki naye. Liyongo anatoroka kwenda bara, masimulizi yanamfuata, na Saada anaachwa Pate pamoja na wale waliodanganywa.

Sehemu ya pili ya kisa inageuza sarafu. Mwana wa Liyongo anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme iwapo ataipata siri ya kifo cha baba yake. Anakwenda, anapokewa, anauliza, na Liyongo anamweleza, ingawa anashuku kwamba kijana ametumwa: hakimuui kitu ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hapa *kumjua* kumefika mwisho wake. Hakuna anayemjua Liyongo zaidi ya mtoto anayelala chini ya paa lake, na ujuzi huo ndio unaomuua. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako inatosha kueleza tukio, lakini haielezi ulinganifu ambao utenzi umeujenga kwa ukimya kati ya watu wawili waliopewa siri: kijakazi asiye na chochote aliyeitunza, na mrithi mwenye kila kitu aliyeiuza.

Sheria Inayouliza "Ulijua?"

Katika Uingereza kisa hiki kilipitia mahakamani kabla ya kuingia riwayani, na mwaka 1685 uliacha kesi mbili ambazo hazijasahaulika. Baada ya uasi wa Monmouth kushindwa huko Sedgemoor, bibi mzee aitwaye Alice Lisle, mjane wa mmoja wa waliomhukumu Mfalme Charles wa Kwanza, aliwalaza nyumbani kwake Moyles Court, Hampshire, wakimbizi wawili, mhubiri John Hickes na Richard Nelthorpe. Askari waliwakamata humo. Mbele ya Jaji Jeffreys mjini Winchester, Lisle alijitetea kwamba alimdhania Hickes kuwa anatafutwa kwa kosa la kuhubiri bila kibali tu. Alimjua, kwa maneno mengine, kama mhubiri. Hakujua kwamba alikuwa muasi. Juri lilisitasita, jaji akalisukuma, na Lisle akakatwa kichwa tarehe 2 Septemba 1685. Hickes mwenyewe alikuwa hajahukumiwa bado. Bunge liliifuta hukumu hiyo mwaka 1689, na mojawapo ya hoja ilikuwa hiyohiyo: inawezekanaje mtu kuwa na hatia ya kumficha mhalifu ambaye mahakama haijamtangaza kuwa mhalifu?

Kesi ya pili ni ya Elizabeth Gaunt, aliyechomwa moto Tyburn tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo kwa kumsaidia James Burton, mtu aliyekuwa akitafutwa na serikali. Shahidi aliyemtia hatiani alikuwa Burton huyohuyo, ambaye alisamehewa. Mwana wa Liyongo angemtambua.

Ni kweli kwamba Hickes na Burton hawakusingiziwa. Walikuwa waasi kwelikweli. Ila kesi zao zinaonyesha mahali ambapo sheria inamshika mwenyeji. William Blackstone, katika juzuu ya nne ya maelezo yake ya sheria ya Uingereza iliyotoka mwaka 1769, aliandika kwamba anayempokea au kumsaidia mkosaji huku akijua kosa lake ni mshiriki baada ya kosa, na udugu haumkingi. Baba akimficha mwana, ndugu akimficha ndugu, bwana akimficha mtumishi, hata mume akimficha mkewe, wote wamo hatiani. Anayesalimika ni mmoja peke yake: mke anayemficha mumewe, kwa kuwa sheria ilimdhania kuwa yu chini ya amri ya mume na hana hiari yake mwenyewe.

Kwa mwanasheria huo ni msamaha mdogo uliojengwa juu ya dharau. Kwa mtunzi wa hadithi ni zawadi. Mwanamke akimficha mume wake, sheria inamwacha, na taharuki inapungua nusu. Akimficha mwanamume ambaye si mumewe, kila kitu kinamwangukia: sheria inamwita mshiriki, majirani wanamwita malaya, na moyo wake haujui kama unamwamini mtu au unamtaka. Rafiki wa zamani anafaa kuliko wote kwa mgeni wa namna hiyo. Si mgeni kabisa, kwa hiyo kumfungulia mlango kunaaminika. Si mume, kwa hiyo hakuna kinga. Tena analeta pamoja naye ushahidi ambao hakuna mahakama itakayoupokea, yaani miaka ya utoto, tabia, ahadi zilizotimizwa na zile zilizovunjwa.

Liko jambo jingine katika kanuni hiyo ambalo waandishi walilitumia mara nyingi pasipo kulitaja. Mshiriki baada ya kosa hawezi kuwapo bila mkosaji. Mgeni akithibitika kuwa hana hatia, mwenyeji naye anakuwa hajatenda lolote. Mgeni akihukumiwa, mwenyeji anazama naye. Sheria imewafunga pamoja kwa fundo ambalo hakuna kadhi wala kasisi aliyelifunga. Ndiyo sababu katika riwaya hizi ndoa ya mwisho, inapokuja, huonekana kama kurasimisha jambo ambalo polisi walikwisha kulifanya.

Kutoka Mlango Uliofungwa hadi Koti la Kuazima

William Godwin alianza kwa kukataa. Katika *Caleb Williams* ya mwaka 1794, Caleb anagundua kwamba bwana wake, Falkland, ni muuaji aliyewaacha wengine wanyongwe mahali pake. Naye Falkland, ili kujilinda, anamsingizia wizi. Caleb anatoroka gerezani na kuhangaika nchi nzima. Nguvu ya riwaya hii imo katika milango inayofungwa. Huko Wales anapata makazi na urafiki wa mwanamke aitwaye Laura, anayemtendea kama jamaa, mpaka kijitabu kinachosimulia uhalifu wake wa kuzuliwa kinapomfikia mama huyo. Laura hataki hata kusikiliza utetezi. Anamjua Caleb kwa macho yake mwenyewe, na anajua habari kutoka kwenye karatasi, karatasi inashinda. Baadaye Caleb anakutana na Collins, mzee aliyemfahamu tangu nyumbani kwa Falkland, naye vilevile hasikilizi. Godwin, aliyekuwa pia mwanafalsafa wa siasa, alitaka kuonyesha kwamba dola haihitaji askari katika kila mlango iwapo marafiki wenyewe watafanya kazi hiyo.

Riwaya na sinema za karne ya ishirini zilifungua mlango ambao Godwin aliufunga, na kwa kufanya hivyo zikawa nyepesi zaidi, ingawa si kila mara. Josephine Tey, katika *A Shilling for Candles* ya mwaka 1936, anampa Robert Tisdall, kijana anayedhaniwa kuua, msaidizi ambaye ni binti wa mkuu wa polisi wa wilaya. Alfred Hitchcock aliichukua hadithi hiyo na kuitengenezea sinema iliyotoka mwaka 1937, na humo baba wa msichana anafikia hatua ya kuandika barua ya kujiuzulu. Gharama ya kumsaidia mtuhumiwa imehama kutoka mti wa kunyongea hadi meza ya chakula ya nyumba ya heshima. Ni gharama ndogo, ila ipo na ina mlipaji.

Mlipaji mkubwa zaidi yumo katika sinema ya Hitchcock iliyotangulia, *The 39 Steps* ya mwaka 1935, na hupita haraka kiasi kwamba watazamaji wengi humsahau. Riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915 haina hadithi ya mapenzi. Sinema iliongeza wanawake, na mmoja wao ni mke kijana wa mkulima mzee huko Uskoti. Hannay, anayetafutwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, anaomba malazi kwao. Mke anaiona habari gazetini, anaelewa mgeni ni nani, na anamwamini. Usiku polisi wanapokaribia anamwamsha na kumpa koti la mumewe limfiche gizani. Kitabu cha nyimbo za kanisani kilichosahauliwa mfukoni mwa koti hilo kinazuia risasi iliyolengwa moyoni mwa Hannay. Baadaye mume anaulizia koti lake, na kipigo kinafuata. Hannay anakwenda zake kwenye mapenzi mengine na mwanamke mwingine. Mke wa mkulima anabaki Uskoti kama Saada alivyobaki Pate, na katika visa vyote viwili kilichomwokoa shujaa kilipitia mikononi mwa mwanamke aliyeachwa nyuma: mkate mmoja, koti moja.

Katikati ya miaka ya 1950 Mary Stewart aliyahamishia masimulizi kichwani mwa mwanamke mwenyewe. Katika *Madam, Will You Talk?* msimulizi ni Charity, mjane kijana aliye likizoni Ufaransa, anayemkinga mvulana dhidi ya baba yake, Richard Byron, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji na kuachiliwa huru na mahakama lakini si na watu. Charity anamkimbia kwa gari barabara baada ya barabara, akiamini anamkimbia muuaji. Kisha anajua. Mapenzi yanayofuata yanaaminika kwa sababu hofu iliyotangulia ilikuwa ya haki: alikuwa na habari zote na hakuwa na mtu. Stewart aliupindua utaratibu wa kawaida wa rafiki wa zamani, na kwa kuupindua akaonyesha ulivyoundwa. Kampuni zilizoanzisha misururu maalumu ya riwaya za mapenzi na hatari katika miaka ya 1980 zilirudi kwenye utaratibu wa kawaida, zikaurudia mara nyingi, na hapana haja ya kuzifuata huko.

Mpelelezi Anapochukua Nafasi ya Mwenyeji

Kanuni ile ya mshiriki baada ya kosa ilivuka bahari. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika za mwaka 1930 ziliipokea karibu kama ilivyokuwa, na imedumu: kifungu cha 396 nchini Kenya na cha 387 nchini Tanzania vinamhusu anayempokea au kumsaidia mtu ambaye, kwa ufahamu wake, ametenda kosa, ili aikwepe adhabu. Wanandoa wana kinga. Rafiki hana. Uingereza yenyewe iliifuta kanuni hiyo mwaka 1967 ilipopitisha Sheria ya Jinai mpya, ambayo inampa anayemsaidia mkosaji nafasi ya kutoa udhuru wa maana. Maneno ya vifungu vya Afrika Mashariki yanapofasiriwa kwa Kiswahili yanahitaji *kupokea* na *kusaidia*. *Kusitiri* hakuingii, kwa kuwa kungekuwa kumemtetea mshtakiwa tayari.

Ingetazamiwa kwamba riwaya ya Kiswahili ya upelelezi, iliyoanza chini ya sheria hiyo, ingemfanya mwenyeji kuwa mhusika wake mkuu, hasa katika jamii ambayo kumkaribisha mgeni ni wajibu kabla ya kuwa fadhila. Haikuwa hivyo. Muhammed Said Abdulla, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* yake ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–1958 na kuchapishwa mwaka 1960, alimleta Bwana Msa na mwenzake Najum. Bwana Msa hamhitaji mtu wa kuamini. Yeye anachunguza, anaunganisha, anafichua, na asiye na hatia anasafishwa kwa hoja. Ujuzi wake wote ni wa *najua*. Elvis Musiba, kuanzia *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, alimfanya shujaa wake, Willy Gamba, kuwa jasusi wa dola, na mwanamke anayemkaribisha Willy chumbani kwake anaipokea serikali. Joram Kiango wa Ben Mtobwa si mtumishi wa dola, ila naye ndiye anayewinda. Kwa miongo miwili mlango wa riwaya pendwa ya Kiswahili uligongwa zaidi na wawindaji kuliko wawindwa.

Sababu moja ni ya kihistoria. Katika miaka iliyofuata uhuru dola ilikuwa bado changa na yenye mvuto, na hadithi ambayo ndani yake raia mwema anawadanganya polisi kwa haki ilikuwa ngumu kuiandika kwa moyo mweupe. Shaaban Robert alikwishaiona shida hiyo mapema. Katika *Kusadikika* ya mwaka 1951, Karama anasingiziwa na waziri Majivuno, na hakuna anayemficha. Wala hatafuti maficho. Anasimama barazani siku baada ya siku akisimulia habari za wajumbe sita waliotangulia kufungwa, na hadithi zenyewe ndizo ngao yake. Ni msimamo wa heshima kubwa. Ni msimamo pia unaodhania kwamba mfalme hatimaye atasikiliza.

Yasmin na Denge

Adam Shafi hakudhania hivyo. *Vuta n'Kuvute*, iliyochapishwa mwaka 1999, inarudi Unguja ya miaka ya 1950 na kuusimika mlango katikati ya riwaya. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mkubwa kwake kwa miongo, anaitoroka ndoa hiyo. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, maskini na mchangamfu, ambaye jamii ya Yasmin isingemkubali hata kama mgeni. Kabla hajawa mwenyeji wa yeyote, Yasmin amekuwa mkimbizi, na ameonja hali ya kuhukumiwa na watu wenye habari zake zote na wasiomjua hata kidogo. Mpangilio huo ni wa makusudi. Anapokutana na Denge, mwanaharakati msomi anayeandamwa na makachero wa kikoloni, hahitaji kuelezwa maana ya kuandamwa.

Je, Denge amesingiziwa? Swali hili limewagawa wasomaji, na linastahili kuwagawa. Kwa maana ya Godwin au Hitchcock hakusingiziwa: maandishi yaliyopigwa marufuku anayaingiza kweli, mikutano ya siri anahudhuria kweli. Inspekta Wright hana haja ya kuzua kitu. Kilichozuliwa ni kosa lenyewe. Serikali ya kigeni imeutangaza upendo wa mtu kwa nchi yake kuwa jinai, halafu ikatafuta ushahidi wa upendo huo na kuupata. Adam Shafi ameuhamisha uzushi kutoka kwa mtu mmoja mbaya hadi kwenye maneno ya sheria, na kwa hatua hiyo utetezi wa kawaida wa mwenyeji unabomoka. Alice Lisle aliweza kusema hakujua. Yasmin anajua. Hawezi kuokolewa na ugunduzi wa mkosaji halisi katika sura ya mwisho, kwa kuwa hakuna mkosaji halisi wa kugunduliwa, labda Wright mwenyewe.

Ndiyo maana dola inamwendea yeye. Wenye usalama wanajaribu kumgeuza Yasmin kuwa jicho lao ndani ya maisha ya Denge, na hesabu yao si ya kijinga: ni mwanamke aliyekataliwa na watu wake, asiye na mali, asiye mke wa Denge, wa rangi na tabaka ambavyo wakoloni walivizoesha kuwaogopa Waafrika. Sheria haimpi kinga ya ndoa, jamii haimpi kinga ya ukoo. Kwa vigezo vyote vya Wright yeye ndiye mwana wa Liyongo, na ahadi ziko mezani. Wright amekosea hesabu moja. Amekusanya kila habari kuhusu Yasmin na hakumjua.

Wapo wahakiki wanaolalamika kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge yanalegeza siasa ya riwaya, au kwamba siasa inayakosesha mapenzi muda wa kukomaa. Lalamiko la pili lina ukweli. Denge ni mtu wa kuondoka. Chumba hakimtoshi, na msomaji anahisi mara kwa mara kwamba angeweza kumpenda Yasmin zaidi kama angekuwa na Jumanne moja isiyo na mkutano. La kwanza halisimami, kwa sababu siasa ya kitabu hiki inapitia chumbani. Harakati zinaendeshwa na watu wanaolala mahali fulani, wanaolishwa na mtu fulani, ambao nguo zao zinafuliwa na mikono fulani, na mikono hiyo ni ya Mwajuma na Yasmin. Historia rasmi za uhuru zimejaa majina ya akina Denge. Adam Shafi anabaki nyuma ya mlango na wale wawili hata baada ya Denge kwenda zake, akimfuata Yasmin katika ndoa, malezi na njaa. Saada hakupewa kurasa hizo, wala mke wa mkulima wa Uskoti.

Miaka minne baadaye Adam Shafi alichapisha *Haini*, riwaya inayotokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Humo tuhuma ya uhaini inamwangukia Hamza, na mkewe Khadija anabaki nje ya kuta. Khadija ni mke. Kwa kanuni ya Blackstone hakuna wa kumgusa kwa kumsitiri mumewe. Lakini hapati nafasi ya kumsitiri. Waliokuja kumchukua Hamza hawakugonga mlango wakauliza kama yumo. Katika nchi ya riwaya hiyo kila nyumba imekwisha kufunguliwa, na swali la "ulijua?" linaulizwa gerezani, kwa kipigo, na mtu ambaye jibu amekuja nalo.